Mjamzito asiachwe tena nje ya utafiti: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya afya,
Kwa wakuu wa mamlaka za kudhibiti dawa na chanjo,
Kwa wakurugenzi wa kampuni zinazotengeneza chanjo, na wenyeviti wa kamati za maadili ya utafiti,

YAH: MADHARA YA UVIKO-19 KWA WAJAWAZITO NA WATOTO WAO, NA UAMUZI WA KUWAWEKA KANDO

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mkunga, na nimehudumu katika wodi ya uzazi kabla ya janga la UVIKO-19, wakati wa janga na baada yake. Haya ninayoyaeleza niliyaandika kwanza katika ripoti za kazi, kisha katika barua zilizopita ngazi zote zinazotakiwa. Majibu niliyopewa, pale nilipojibiwa, yalinishukuru kwa kuandika na kunihakikishia kwamba suala langu limepokelewa, na hapo ndipo lilipoishia. Nimeona sasa niwaandikie hadharani, kwa kuwa jambo hili linawahusu watu wengi kuliko mimi na ninyi, na wengi wao ni wanawake ambao bado hawajashika mimba.

Jambo lenyewe ni hili: katika janga lile, mjamzito aliondolewa kwenye utafiti kwa hoja ya kumlinda, na kuondolewa huko ndiko kulikomfanya awe miongoni mwa watu wa mwisho kupata kinga dhidi ya ugonjwa uliomuumiza kuliko wanawake wa rika lake wasio na mimba. Naomba utaratibu huo ubadilishwe kwa kanuni, na ubadilishwe sasa, wakati hakuna dharura inayotukimbiza.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hatari ilijulikana mapema, na haikupewa uzito wake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na takwimu za kutosha kuhusu wajawazito, na sitamlaumu mtu kwa kutojua kilichokuwa hakijajulikana. Hata hivyo, hatukuanza bila fununu. Homa ya mafua ya 1918 iliwaua wajawazito kwa wingi, na mafua ya H1N1 ya 2009 yaliwafikisha wengi wao katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Sababu zake anazijua kila mkunga. Mji wa mimba unapokua husukuma juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na kuyabana mapafu, ilhali mwili unahitaji oksijeni zaidi. Damu huganda kwa urahisi zaidi. Na kinga ya mwili hubadilika ili mimba isikataliwe. Ugonjwa unaoshambulia mapafu na kugandisha damu ungewezaje kumpitia mtu huyu kwa wepesi?

Kufikia Novemba 2020 jibu lilikuwa limeandikwa. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilichapisha uchambuzi wa wanawake wapatao 400,000 wa umri wa kuzaa waliokuwa na dalili za UVIKO-19. Kati ya kila wajawazito 1,000, takriban 10 walilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa wasio na mimba walikuwa takriban 4. Waliohitaji mashine ya kupumulia walikuwa karibu mara tatu ya wenzao, na hatari ya kufa ilikuwa kubwa zaidi hata baada ya kuzingatia umri na maradhi mengine. Nchini Brazil, kufikia katikati ya 2020, watafiti walikuwa wamehesabu vifo 124 vya wajawazito na wazazi waliotoka kujifungua, na zaidi ya mmoja kati ya watano wa marehemu hao hakuwahi kufikishwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Aprili 2021 ukatoka utafiti wa nchi 18 uliolinganisha wajawazito 706 wenye maambukizi na wenzao 1,424 wasio nayo: katika kundi la kwanza walikufa 11, katika la pili mmoja. Wenye maambukizi walipata zaidi shinikizo la damu la ujauzito, lile ambalo lisipodhibitiwa huishia katika kifafa cha mimba, na walizaa zaidi watoto njiti.

2. Madhara kwa mtoto yalielezwa nusu nusu.

Wajawazito wengi waliambiwa kwamba virusi havimfikii mtoto tumboni, wakafarijika. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake: mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba chini ya asilimia 2 ya watoto wa mama walioambukizwa ndio waliokutwa na virusi. Lakini mtoto anaweza kufa bila virusi kumgusa. Anachohitaji ni kondo la nyuma linalofanya kazi, na kondo ndilo lililoshambuliwa.

Naomba mnivumilie nikae hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili halikuelezwa vya kutosha kwa wazazi, na wengi wanaishi na swali lisilojibiwa hadi leo. Katika baadhi ya mimba, virusi vya korona viliingia kwenye kondo na kuharibu tabaka la seli linalopitisha hewa na chakula kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Seli za kinga zinazopambana na maambukizi zilijazana pale damu ya mama inapopaswa kupita, na utando mgumu wa mgando ukaziba njia. Timu ya wataalamu kutoka nchi 12 ilichunguza makondo ya watoto 64 waliozaliwa wafu na wanne waliokufa mara baada ya kuzaliwa. Kwa wastani zaidi ya robo tatu ya kondo lilikuwa limeharibika. Mama wote hao walikuwa hawajachanjwa. Hali hii iliweza kumpata hata mama ambaye dalili zake zilikuwa kikohozi na uchovu tu, na dalili pekee ambayo angeweza kuiona ni mtoto kupunguza kucheza.

Takwimu za Marekani kuhusu uzazi zaidi ya 1,200,000 hospitalini, kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021, zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Mama asipokuwa na UVIKO-19 wakati wa kujifungua, watoto waliozaliwa wafu walikuwa asilimia 0.64; akiwa nao, asilimia 1.26. Kirusi aina ya Delta kilipoenea, hatari hiyo ilifikia takriban mara nne. Mama aliyempoteza mtoto katika miezi ile alistahili kuambiwa haya waziwazi, na kondo lake lilistahili kupelekwa maabara badala ya kutupwa. Wengi hawakupata hata moja kati ya hayo mawili. Walirudi nyumbani wakijiuliza walikula nini au walibeba nini kizito.

3. Mliwaweka wajawazito nje ya majaribio ya chanjo.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa. Majaribio makuu ya chanjo ya 2020 hayakuwapokea wajawazito. Kabla ya kuandikishwa, mwanamke alipimwa mimba. Akikutwa nayo, alirudishwa. Desemba 2020 chanjo za kwanza zilipoidhinishwa, mamilioni ya wanawake wajawazito, wakiwemo wauguzi na madaktari waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa kila siku, hawakuwa na tarakimu hata moja ya majaribio iliyowahusu wao. Kampuni ya Pfizer ilianza jaribio la wajawazito Februari 2021, ikikusudia kuandikisha 4,000. Iliishia na takriban 350, kwa kuwa wakati huo chanjo ilikwisha kuanza kupendekezwa kwa wajawazito na haikuwa haki tena kumpa mtu sindano isiyo na dawa. Jaribio lililoanza kwa kuchelewa lilipitwa na wakati kabla halijakamilika.

Na msiniambie kwamba hatukuwa na mfano wa kujifunzia. Katika mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulioanza 2018, wajawazito walinyimwa chanjo kwanza, ingawa ilijulikana kwamba mimba inayokutana na Ebola ni nadra sana kuokoka. Uamuzi ule ulibadilishwa 2019, baada ya wataalamu wengi kuupinga. Mwaka mmoja tu baadaye tukalirudia kosa lile lile.

Wala msiniambie kwamba haiwezekani. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililothibitisha Juni 2020 kwamba dawa ya deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wanaotumia mashine za kupumulia, liliwapokea wajawazito. Watafiti walichofanya ni kumpangia mjamzito dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, prednisoloni au hidrokotisoni, ambayo haimfikii mtoto kwa kiasi kikubwa. Walifikiri kabla, wakaandika marekebisho, wakaendelea na kazi. Hicho ndicho ninachokiomba.

4. Ushauri uligongana, na mzigo ukaachwa kwa mama na mkunga.

Uingereza ilianza Desemba 2020 kwa kushauri wajawazito wasichanjwe. Aprili 2021 ikasema wapewe chanjo kama watu wengine wa umri wao. Mwezi huo huo ilichapishwa ripoti ya Marekani iliyowafuatilia wajawazito zaidi ya 35,000 waliokuwa wamechanjwa kwa hiari yao, na haikuonyesha dalili ya hatari. Hata hivyo pendekezo rasmi la nchi hiyo kwa wajawazito wote lilitoka tarehe 11 Agosti 2021, Delta ikiwa tayari imeenea. Katika miezi hiyo maneno tuliyokuwa tumeandikiwa wengi wetu yalikuwa ya aina ya "mama ajadiliane na mhudumu wake". Waheshimiwa, mnajua mjadala huo ulivyokuwa? Mama aliuliza, "Sista, ungekuwa wewe ungechanjwa?" Nami sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Nilimweleza hatari ya ugonjwa, ambayo niliijua, na usalama wa chanjo, ambao sikuruhusiwa kuuthibitisha, kisha nikamwona akiondoka na wasiwasi ule ule aliokuja nao. Uvumi kwamba chanjo inaharibu mimba na kuleta ugumba haukupata upinzani wa kueleweka, na pale ukweli ulipochelewa, uvumi ulijitanua.

Matokeo yake yamehesabiwa. Nchini Scotland, kati ya wanawake waliojifungua Oktoba 2021, waliokuwa wamepata dozi mbili walikuwa asilimia 32.3, ilhali kwa wanawake wote wa miaka 18 hadi 44 walikuwa asilimia 77.4. Huko huko, asilimia 98 ya wajawazito waliolazwa mahututi kwa UVIKO-19 walikuwa hawajachanjwa. Uingereza, kati ya Julai na Septemba 2021, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa UVIKO-19 waliounganishwa na mashine ya kufanya kazi badala ya mapafu alikuwa mjamzito ambaye hajapata hata dozi ya kwanza. Mashine hiyo hutumiwa pale njia nyingine zote zimeshindwa.

5. Watoto walitenganishwa na mama zao bila sababu ya kutosha.

Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mama mwenye UVIKO-19 akae na mtoto wake, amnyonyeshe na ambebe ngozi kwa ngozi, akivaa barakoa na kunawa mikono. Maziwa ya mama hayakuonekana kuwa njia ya kueneza ugonjwa. Kinyume chake yalikutwa na kingamwili. Pamoja na hayo, mapitio ya miongozo ya nchi 17 yalikuta kwamba theluthi moja yake iliagiza mama na mtoto watenganishwe. Hesabu iliyotolewa na Shirika hilo Machi 2021 ilionyesha kwamba huduma ya Kangaruu, yaani mtoto njiti kubebwa kifuani mwa mama, ikimfikia kila anayeihitaji inaweza kuokoa watoto hadi 125,000, wakati vifo vya watoto wachanga kutokana na UVIKO-19 vingekuwa chini ya 2,000. Tulimwepusha mtoto na hatari ndogo kwa kumtia katika hatari kubwa. Nimewaona mama wakikamua maziwa upande mmoja wa ukuta na watoto wao wakinyweshwa kwa kikombe upande wa pili, na maziwa ya baadhi yao yalikauka kabla hawajaruhusiwa kuonana. Wengine walipitia uchungu wa kuzaa bila mtu wao wa karibu, pamoja na kwamba mwongozo wa kimataifa ulitaka mama aruhusiwe mwenzi amtakaye.

6. Ufuatiliaji haupo.

Watoto waliokuwa tumboni mwaka 2020 sasa wako shuleni. Wako mama ambao uchovu, kukosa pumzi na ukungu wa akili havikuwaachia baada ya kujifungua. Bila daftari linalowaunganisha mama, mtoto na maambukizi yaliyotokea katika mimba, hakuna atakayejua nini kilibaki miilini mwao.

Waheshimiwa, nimekwisha kuzisikia hoja zenu, na ni haki yenu nizijibu.

Mtasema kwamba mjamzito aliwekwa kando kwa ajili ya usalama wa mtoto, na mtaikumbusha dawa ya thalidomide, iliyosababisha watoto zaidi ya 10,000 kuzaliwa na ulemavu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nami naikumbuka. Lakini dawa ile ilitumiwa na wajawazito bila kuchunguzwa ipasavyo juu ya athari zake kwa mimba. Kilichowaumiza watoto wale ni ukosefu wa utafiti, na kuuendeleza ukosefu huo kwa jina lao ni kuwakosea mara ya pili. Tena, kumwondoa mjamzito kwenye jaribio hakumwondolei hatari. Kunaihamisha tu kutoka kwa watu mia chache wanaofuatiliwa kwa karibu na kuipeleka kwa mamilioni wasiofuatiliwa na yeyote.

Mtasema dharura haikuruhusu. Majaribio ya wanyama kuhusu mimba yanaweza kuanza sambamba na hatua za kwanza za jaribio la watu wazima, badala ya kungoja mwisho wake. Panapokuwa na haraka, anayestahili kutangulizwa ni yule ambaye ugonjwa unamwelemea zaidi.

Mtasema wanawake wenyewe walikataa chanjo. Walikataa kitu ambacho ninyi wenyewe mlikuwa mmesita kukisimamia. Siwezi kumlaumu mama kwa kuwa mwangalifu juu ya mimba yake pale wataalamu walipomwambia kwamba hawajui.

Na mtasema kwamba yamepita. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, na ni kweli kwamba kirusi cha sasa kinakutana na miili iliyokwisha kupata kinga. Lakini mtoto mchanga anazaliwa bila kinga hiyo isipokuwa ile anayopewa na mama yake, na hawezi kuchanjwa kabla ya kufikisha miezi 6. Utafiti wa Marekani wa mwanzoni mwa 2022 ulionyesha kwamba chanjo ya mama wakati wa ujauzito ilipunguza kwa asilimia 61 hatari ya mtoto wa umri huo kulazwa kwa UVIKO-19. Pamoja na hayo, Mei 2025 waziri wa afya wa nchi hiyo hiyo alitangaza kwamba chanjo haipendekezwi tena kwa wajawazito wenye afya njema, huku chama cha madaktari wa uzazi wa huko kikiendelea kuipendekeza. Mama anasoma kauli hizo mbili jioni moja. Tumerudi pale pale pa Desemba 2020, isipokuwa safari hii ushahidi upo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Wenyeviti wa kamati za maadili, wekeni kanuni kwamba mjamzito na anayenyonyesha wanastahili kushiriki katika jaribio lolote la chanjo au dawa ya mlipuko, na anayetaka kuwaondoa ndiye aandike sababu zake za kisayansi, zichapishwe na zipitiwe upya kila ushahidi unapoongezeka. Uamuzi wa kushiriki ubaki kwa mwanamke mwenyewe, kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa kila kinachojulikana. Mamlaka za kudhibiti dawa, msipokee ombi la kuidhinisha bidhaa ya dharura lisilo na mpango na tarehe za utafiti kwa wajawazito. Watengenezaji, anzeni majaribio ya wanyama kuhusu mimba mapema ili mpango huo uwe na msingi.

Waheshimiwa Mawaziri, kwenu nina maombi zaidi, kwa kuwa wodi ziko chini yenu. Toeni mwongozo mmoja ulioandikwa kwa lugha anayoielewa mama, wenye tarehe, na unaosema waziwazi kinachojulikana leo. Pigeni marufuku kumtenganisha mama na mtoto wake kwa sababu ya maambukizi peke yake, na mlinde haki yake ya kuwa na mwenzi wakati wa kujifungua hata katika mlipuko. Agizeni kwamba mjamzito mwenye maambukizi anayeripoti mtoto kupunguza kucheza apimwe siku hiyo hiyo, na kwamba kila mtoto anayezaliwa mfu baada ya maambukizi kondo lake lichunguzwe na wazazi wapewe majibu ana kwa ana. Anzisheni daftari la ufuatiliaji wa mama na watoto. Na katika kila kamati inayopanga namna ya kukabiliana na mlipuko ujao, awemo mkunga mwenye sauti na kura.

Naomba majibu yenu yatolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa, yakieleza kwa kila ombi kama limekubaliwa au limekataliwa, nani atalisimamia, na kufikia lini. Niko tayari kuitwa mbele ya kamati yoyote kueleza niliyoyaona, pamoja na wakunga wenzangu na mama walio tayari kusema.

Wenu kwa heshima,

Mkunga, wodi ya uzazi